Kifua cha Kitsao

Sabaki nzima ilijua kwamba Kitsao anaumwa kifua. Walijua kwa sababu mwenyewe aliwaambia, na mkewe Jedida akawaambia wengine bombani, na jambo likisemwa na wawili huonekana limethibitika. Kifua ndicho kilichompeleka kulazwa miezi mitatu huko upande wa Kilifi. Kifua ndicho kilichomkataza kupanda minazi aliporudi, akabaki kuuza nazi na makuti. Na kifua chenyewe, kama mwataka ukweli, kilikuwa kizima kabisa.

Maradhi ya Kitsao yalikuwa tembo. Alikuwa mgema kwa miaka ishirini na sita. Watu husema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kitsao alisifiwa na hakutia hata tone. Aliona ni dhambi kuliharibu, na kitu usichokubali kukiharibu mwisho utakila au utakinywa wewe. Alianza kwa kuonja. Kwa Wagiriama, anayekupa tembo hulionja kwanza mbele ya macho yako, ujue halina sumu, na yeye alikuwa na wateja wengi na heshima nyingi. Miaka ikapita. Ikafika hali akiamka alfajiri mikono inatetemeka hata kotama ya kugemea haishikiki, ikawa lazima anywe ndipo apande, na akifika kileleni anywe tena, maana huko juu hakuna amwonaye ila kunguru.

Hata hivyo alikuwa na majivuno yake. Kila penye harusi utamsikia: "Wapo kina baba wanaokunywa mahari ya binti zao. Mimi tembo ninalo langu, la mkwe la nini?" Alikuwa na binti mmoja tu, Zipporah, mpishi katika mkahawa mmoja mjini Malindi, na akisema hayo binti huinama akitabasamu.

Siku moja alilala juu ya mnazi. Watu wakakusanyika chini wakimwita, na alichowajibu hakikuwa maneno bali mkojo. Jedida alikuwa miongoni mwa waliolowa. Alikwenda nyumbani akaoga, akafua leso zake, akaanika. Kitsao aliposhuka alitamani atukanwe, na hakuna aliyemtukana.

Wiki ile akaenda Malindi, kwenye kliniki ya serikali aliyosikia inawatibu waraibu bila malipo. Alikuta foleni ya vijana waliokondeana. Mmoja wao akampisha kivulini.

"Shikamoo, mzee. Umemleta mwanao?"

"Marahaba," Kitsao akajibu. "Ndiyo, nimemleta mwanangu."

Akasimama pale akimngoja mwana asiyekuwepo, akitazama huku na huku kama mtu aliyechelewewa, mpaka foleni ikaisha na hapakubaki wa kumdanganya.

Muuguzi aliitwa Wanjira, dada wa bara mwenye sauti ya chini, na alimsikiliza hadi mwisho bila kukunja uso. "Dawa tunayonywesha hapa ni ya wanaotumia unga, mzee," akasema. "Ya pombe hatuna. Yuko mshauri anayekuja kila Alhamisi, huyo ni bure. Lakini wewe ukiacha ghafla ukiwa nyumbani, waweza kushikwa na kifafa ukafa. Unahitaji kulazwa."

"Basi nilazeni."

"Vitanda vya kazi hiyo hatuna. Viko kwenye nyumba za watu binafsi." Akamwandikia bei kwenye kipande cha karatasi, kwa kuwa alimwonea haya kuitamka. Kitsao aliitazama akadhani ni namba ya simu.

Njiani kurudi alijikuta akiwaonea wivu wale vijana wa watu wanaojidunga unga, kwamba wao wana dawa yao na yeye hana yake. Alipogundua ni nini anachotamani, aliona aibu kuliko ile ya mnazini.

Karatasi ile Zipporah aliisoma, akaikunja, akaitia mkobani. Baada ya wiki tatu alirudi na fedha zote. "Nilikuwa na akiba," akasema, "na mwenye mkahawa amenikopesha." Kitsao hakuuliza zaidi. Alijua vizuri mshahara wa mpishi ni kiasi gani, na hakuuliza. Akaenda, akalazwa, akatetemeka, akalia usiku akimwita marehemu mamake, akapona. Mwezi wa saba sasa hajagusa tembo. Ila kwa watu likabaki lile lile: kifua.

Ndipo wazazi wa Jefwa wakatuma habari kutoka Adu kwamba watakuja kumposea mtoto wao binti wa Kitsao. Jefwa ni fundi wa tuktuk pale Malindi, kijana mtulivu, na Kitsao hakuwa na neno naye. Neno lilikuwa na kadzama, kibuyu cha tembo la kuposea. Desturi ni kwamba wageni hulitoa, binti akachota kata moja akampelekea babake. Akiipeleka, amekubali kuolewa. Baba akinywa, amekubali kumwoza. Asiponywa, wageni hufunga kibuyu chao wakaondoka, na hapo uchumba umekufa.

"Mwambie kakako mapema," Jedida alimwomba. Kakake Ngumbao ndiye mkubwa wa mji wao wa ukoo na ndiye angesema kwa niaba yao.

"Nitamwambia."

Alikuwa na mwezi mzima wa kumwambia. Kila asubuhi aliamka na maneno mdomoni, akakutana na Ngumbao, wakazungumza habari za mvua. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Kitsao alilijua hilo tangu utotoni.

Siku ikafika. Wageni wakakaa uani, mbele yao mzee Kiponda, babake Jefwa, na kibuyu miguuni pake. Zipporah akachota, akaja, akapiga magoti, akainua kata kwa mikono miwili. Kitsao akaipokea, na harufu ikampanda puani. Lilikuwa tembo la alfajiri, tamu, la mgema anayejua kazi yake. Mate yakamjaa mdomoni. Aibu ikampata pale pale, kwa sababu alilitaka. Hakulitaka kwa ajili ya desturi wala kwa ajili ya mwanawe. Alilitaka tu.

Akawaza kulowesha midomo na kurudisha. Nani angejua? Akakumbuka kwamba hata zamani alianza kwa kuonja. Akaiweka kata chini.

Mmoja wa wageni akanyoosha mkono kuelekea kibuyu. Jefwa aliinamisha kichwa, na Zipporah bado amepiga magoti, machozi yanamlenga.

"Kitsao," Ngumbao akasema, "wamekukosea nini hawa?"

"Hawajanikosea. Jefwa sijamkataa."

"Basi kunywa, ndugu yangu."

"Kifua..." Kitsao akaanza.

"Kifua? Tembo ndilo dawa ya kifua!" Watu wakacheka, hata wale wageni, kwa kufurahi kwamba jambo limekuwa dogo. Zipporah peke yake hakucheka. Alimtazama babake usoni, na macho yake hayakumwomba anywe wala asinywe.

"Kifua changu ni kizima," Kitsao akasema. "Nimewadanganya. Mimi ni mlevi, na kilichonilaza Kilifi ni ulevi. Nikinywa kata hii nitamaliza kibuyu, na kesho mtanikuta juu ya mnazi nikiwakojolea tena." Wawili watatu wakacheka kwa mazoea, wakanyamaza.

Mzee Kiponda akakohoa. "Baba Zipporah, tulijua."

"Mlijua? Na mkaniletea tembo?"

"Tungeleta nini? Tulitaka kuja na madafu. Lakini wewe ulitangaza kifua. Tukija na madafu, tumekuvua nguo uani kwako, mbele ya kakako. Tukasema mwenyewe ndiye atakayeamua."

"Nani aliwaambia?"

Zipporah alitazama chini. "Tuliuza ng'ombe watatu ulipiwe matibabu," Kiponda akasema kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. "Jefwa alituambia ni wa mahari, watangulie tu."

Kitsao akahisi uso unamwaka moto. Akakumbuka kila harusi aliyojigambia na kila aliyemsikia. Baadhi yao walikuwa wamekaa pale pale. Akamgeukia binti yake, akasahau kwamba kuna watu.

"Mwanangu, niambie kweli. Unaolewa, au unalipa?"

"Baba," Zipporah akasema, "angekuwa mwanamume mwingine, si Jefwa, nisingeweza kumwomba fedha."

Akaichukua kata, akampelekea Ngumbao, ambaye kwa ukubwa wake anaweza kumnywea mdogo wake. Ngumbao akanywa yote bila mzaha hata mmoja. Wanawake wakapiga vigelegele ndani.

Likabaki la mwisho. Katika posa baba wa binti husimama akataja alichokwisha kupokea, na msemaji wa wageni humwuliza kilipo, mashahidi wakione, kesho pasiwe na ubishi. "Hilo tuliache," Ngumbao akanong'ona. Kitsao akasimama.

"Nimepokea ng'ombe watatu."

Msemaji wa wageni, mzee aliyeposea watu maisha yake yote, akauliza kwa mazoea kabla ya kujizuia: "Wako wapi, tuwaone?"

Kitsao akaweka mkono kifuani. "Ndio hawa," akasema, "wamesimama mbele yenu."

Akaketi, na hakuinua uso tena mpaka wageni walipoondoka.