Sukari ni Rudisha, Sabuni ni Ondoa

Nilifika Kasulu nikiwa na mabegi mawili, glavu mpya na imani kwamba naenda mahali ambapo watu wanazungumza Kiswahili. Mimi ni mtu wa Tanga. Sikuwahi kufikiria kwamba Kiswahili kinaweza kunishinda. Nilikuwa nimesajiliwa na timu ya wanawake kuwa golikipa, mkataba wangu wa kwanza wa kulipwa, baada ya misimu miwili ya kukaa benchi nyumbani. Asubuhi ya kwanza nilikuta ukungu umelala juu ya migomba. Nikavaa soksi mbili kila mguu, nikampigia mama simu kumwambia kwamba kumbe hata nchi hii ina baridi.

Uwanjani, watu wawili walisimama mbele yangu kila siku. Wa kwanza alikuwa beki wa kati, dada mrefu mwenye mabega mapana, kwao Mabamba, mpakani, upande wa Kibondo. Wazazi wake waliingia nchini kama wakimbizi kutoka Burundi. Yeye alizaliwa huku na ni raia kama mimi. Nyumbani walisema Kirundi, kwa majirani Kiha, na lugha hizo zinakaribiana kiasi kwamba hakuwahi kuona mpaka kati yake. Kiswahili alikipata shuleni. Alikitumia polepole, neno moja baada ya jingine, na akikosa neno alinyamaza.

Wa pili alikuwa kiungo mkabaji, binti wa Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Huyu Kiswahili alikuwa nacho tele, chenye kasi, kimechanganyika na Kifaransa. Siku ya kwanza aliniita "yaya". Kwetu yaya ni msichana wa kulea watoto wa watu. Nikamjibu kwamba sikuja Kasulu kulea mtoto wa mtu. Akanitazama, akaenda zake. Wiki nzima ilipita ndipo nikajua kwamba kwao yaya ni dada mkubwa, na kwamba alikuwa akinipa heshima.

Mechi ya kwanza tulicheza nyumbani. Kipindi cha kwanza kikiwa kinaelekea ukingoni, beki wetu alipata mpira karibu na boksi, uso wake ukiwa kwangu, mshambuliaji akimjia mgongoni. Mimi nilikuwa nimejitenga pembeni, peke yangu kabisa. Nikapaza sauti, "Oya! Oya!" Vijana wa kwetu ndivyo wanavyoitana: wewe, nipo hapa, nitazame. Akainua macho, akaniona, akasita. Nikaongeza sauti, "Oya!" Akageuka na mpira kuupeleka pembeni, mshambuliaji akamnyang'anya, na mimi nikaenda kuuokota wavuni.

Mapumziko, kocha alimwendea beki moja kwa moja.

"Golikipa alikuwa peke yake. Kwa nini hukumrudishia?"

"Alikataa," beki akasema.

"Nani alikataa?"

"Huyo. Nilitaka kumpa, akasema oya. Mara tatu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Wachezaji waliokaa chini walishikana mabega, kocha mwenyewe akageukia ukutani kuficha meno. Mimi nilisimama katikati yao bila kuelewa, masikio yakiwaka moto, nikiamini wananicheka mimi mgeni. Golikipa wa akiba, Mha wa Titye, ndiye aliyenihurumia.

"Dada," akaniambia, "huku oya ni hapana."

Tulifungwa lile bao moja, na nilipaswa kucheka pamoja nao. Sikucheka. Nilinuna siku nne. Nilijiambia kwamba mtu anayecheza mpira wa kulipwa hana budi kujua Kiswahili, na kwa Kiswahili nilikuwa na maana ya kile changu.

Siku ya tano, mazoezini, ikawa zamu ya binti wa Uvira. Nilikuwa na mpira mguuni, nikiwachezeachezea wenzangu, naye akapiga kelele, "Tosha! Yaya, tosha!" Nikadhani ananiambia inatosha, niache maringo. Nikausimamisha mpira, nikashika kiuno ili nimjibu. Mshambuliaji akapita, akauchukua, akafunga.

"Unaniamrisha wewe?" nikamuuliza.

"Yaya, balo iko ku miguu yako, nasema tosha," akasema, huku akionyesha kwa mkono mpira unaoruka mbali. "Tosha! Peleka kule!"

Kwao kutosha ni kuondoa. Aliniambia niondoe mpira, na mimi nikausimamisha kwa heshima zote. Safari hii beki ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka taratibu kama alivyozoea kuzungumza, kwa pumzi fupifupi, mpaka akakaa chini kwenye nyasi, na mimi nikajikuta nimekaa kando yake, nikicheka hadi machozi. Zile siku nne zilikwisha palepale.

Kocha hakucheka. Alitupanga sisi watatu chumba kimoja katika nyumba ya timu, akasema, "Mtatoka humo mkiwa na lugha moja. Ipi, hainihusu."

Tulijaribu kwanza Kiswahili changu. Nikamfundisha beki kushoto na kulia, lakini kulia kwa masikio yake kulikaribiana mno na kurya, yaani kula kwa Kirundi, na kila niliposema neno hilo aliuliza kwa dhati, "Kula nini?" Tukajaribu Kifaransa cha binti wa Uvira, ulimi wangu ukakataa. Tukajaribu Kirundi, na hapo wao wawili wakafurahia sana jinsi nilivyokuwa nikitamka. Tulifanyia mazoezi uani, asubuhi, kwa sauti ya uwanjani. Mmoja anasema ondoa, mwingine tosha, wa tatu reka, yaani acha.

Asubuhi moja mwenye duka la jirani alikuja mbio, kofia mkononi. Alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka Pangani kuja kufanya biashara bara, na kwa sababu hiyo aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza.

"Mnagombania nini?" akauliza. "Dukani kwangu wateja wanauliza nani anapigwa."

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo yeye aliliona dogo.

"Mimi nauza hapa miaka yote. Anakuja Mha, anakuja Mrundi, anakuja Mkongo wa kambini, anakuja mtu wa pwani kama wewe. Wote wakitaka sukari wanasema sukari. Wakitaka sabuni, sabuni. Sijawahi kumpa mtu kitu asichokitaka."

Tulitazamana. Dakika chache baadaye tulikuwa dukani kwake, tukipita kwenye rafu, kila mmoja akitaja kitu kwa lugha yake. Chumvi ikaanguka mtihani. Mchele nao ukaanguka. Tukabaki na yale ambayo kwa sisi sote yalisikika sawa. Sukari ikawa nirudishie mimi golikipa. Sabuni ikawa ondoa mpira. Sahani ikawa tulia nao, huna mtu mgongoni. Mzee akatupa biskuti moja moja na kurudi kwenye mizani yake.

Mechi tatu zilizofuata hatukufungwa hata bao moja la kizembe. Kisha tukaenda Kibondo.

Kibondo ndiko nyumbani kwa beki, na mama yake alikuja kutoka Mabamba kumwona akicheza kwa mara ya kwanza. Nilimwona kabla ya filimbi, mama mrefu kama binti yake, amevaa kitenge cha kanisani, amekaa juu ya ndoo aliyoigeuza, mikono magotini. Watu walijaa pande zote za uwanja, karibu kabisa na mstari, na nyuma ya goli langu palikuwa na kundi la kinamama waliokuja na vigelegele vyao.

Kipindi cha kwanza wao walifunga, sisi tukasawazisha. Mimi nilipiga kelele zangu kama kawaida: sabuni, sahani, sukari, sabuni. Baada ya mapumziko tulibadilishana magoli, na wale kinamama nao wakahamia nyuma yangu; nikasikia mmoja akiuliza, "Huyu golikipa katumwa dukani?" Wakacheka. Lakini hawakuwa wajinga. Waliangalia, wakasikiliza, na haikuchukua muda wakajua kila neno ni la nini. Beki wetu alipopata mpira, kundi zima likaitikia kwa sauti moja, "Sukari! Sukari!" Akanirudishia wakati mshambuliaji wao alikuwa amesimama kati yetu. Niliuokoa kwa ncha ya kiatu, nikaanguka kifudifudi. Kona.

Binti wa Uvira akaja akikimbia. "Yaya, bale bantu banajua yetu yote."

Nilimshika beki mkono, nikawavuta wote wawili kwenye nguzo ya goli. "Kuanzia sasa, sukari ni ondoa," nikasema. "Sabuni ndiyo mnirudishie."

Beki akafumba macho, akayapanga maneno kichwani. "Wakisema sukari," akasema polepole, "naondoa."

"Unaondoa."

Kona ikapigwa. Mpira ukamdondokea yeye mguuni, na nyuma yangu wale kinamama, na sasa hata wanaume wa kwenye mstari, wakapaza sauti, "Sukari! Sukari!" Sijawahi kumwona mtu akitii kwa furaha namna ile. Aliupiga kwa nguvu zake zote za Mabamba. Mpira ukavuka nusu ya uwanja, ukamkuta winga wetu mwenye mbio, na timu yao yote ilikuwa kwenye boksi letu ikisubiri pasi ya kunirudishia mimi. Winga alikwenda peke yake mpaka mwisho. Mbili kwa moja.

Nyuma yangu mama mmoja akaanza kucheka, na wenzake wakamfuata, na vigelegele walivyokuja navyo kwa ajili ya timu yao wakatupigia sisi.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mama yake beki alinyanyuka kwenye ndoo, akavuka uwanja bila haraka. Akamshika binti yake uso kwa mikono miwili, akasema maneno machache ya Kirundi. Nikauliza amesema nini.

"Anasema ninyi mnakuja nyumbani," beki akatafsiri. "Hajaomba. Amesema."

Kocha alitupa siku mbili. Mabamba nilikuta vilima vinavyofuatana, migomba, na upande wa pili, karibu kiasi cha kuona moshi wa majiko, Burundi. Mama alinionyesha kilima kimoja kule kwa kidole, akajigusa kifuani. Alizaliwa huko. Kisha akanipeleka kwenye maharage yaliyokwisha kung'olewa na kukauka, akanipa fimbo ya kupigia. "Raba," akaniambia, yaani tazama, akapiga mara tatu, maganda yakafunguka. Nilipiga mimi, maharage yakarukia kwa jirani. Binti wa Uvira aliyakimbilia kama kuku huku akinisema kwa Kifaransa. Mama alinigeuza kiwiko, akanirudisha nyuma hatua moja, nikapiga tena.

Baadaye tulikaa mkekani, tukiyachambua. Mimi niliyatazama mawe na maharage nikaona yanafanana, na nilikuwa naongea mno. Yalipoiva tukayala na ugali wa muhogo, kila mtu akisifu kwa lugha yake. Jiwe la kwanza likalia kwenye jino langu. Nikalimeza ili nisiaibike. La pili lilikuwa kubwa zaidi, na mama alikuwa ananitazama. "Yaya, tosha," binti wa Uvira akaniambia, na safari hii nilimwelewa, nikalitema mkononi.