Basi Lenye Pembe na Betri za Baba

Baba alikwisha sema: binti yake haolewi na mwongo. Na mchumba wangu, fundi wa malori pale Lusahunga, alikuwa amelitangazia soko zima la Runazi kwamba huko ng'ambo alikosomea ufundi alipanda basi la umeme. Lina pembe mbili juu ya paa, pembe zinagusa nyaya zilizopita juu ya barabara, nalo linakwenda. Nyaya zikiisha, linashusha pembe na kuendelea na safari.

Upande wa mchumba walikuwa Wasubi, sisi Wasukuma, kwa hiyo siku ya posa maneno yalikwenda kwa Kiswahili. Baba hakuuliza ukoo wala tabia. Aliuliza basi.

"Likishusha pembe, linakula nini?"

Mshenga wao, mzee ambaye hata baiskeli ilimtia kizunguzungu, akajibu kwamba linabana pumzi. Mjomba wangu alicheka hadi akadondoka kigodani. Baba hakucheka. Alianza kutafuta fimbo yake, ainuke amalize kikao.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti mlangoni na birika la maji ya kunawa. Binti anayeposwa hasemi, wala anayemposa. Nikasema.

"Baba, lina betri. Likiwa kwenye nyaya linashiba, likitoka linatumia akiba. Kama hizo zako juu ya bati."

Wote wakatazama juu. Betri za redio ya baba zilikuwa zinaota jua tangu asubuhi, maana vita vilikuwa vimepamba moto kule mpakani na duka la kijiji halikuwa na betri mpya. Kila siku alizianika kama mihogo ili asikose habari.

Akazishusha mwenyewe. Akasema redio ikifika mwisho wa taarifa ya saa kumi, binti wamepata. Ikikata njiani, waondoke na basi lao.

Nilimwomba Mungu wa kanisani, nikaiomba na mizimu ya bibi, nisimwache yeyote. Mtangazaji akaanza. Sauti ikafifia, ikarudi, ikafifia tena. Mchumba wangu alikodolea macho vidole vyake vya miguu. Safari hii aliyebana pumzi ni mshenga. Mtangazaji akasema huo ndio mwisho wa taarifa, kwa sauti ya mbu.

Baba alizima redio, akanigeukia. Nilijua nitasemwa.

"Mpe mkwe wangu maji anawe."

Nusu ya birika niliimwagia miguuni pake.