Probox Nyeupe ya Kapkatet

Bonasi ya majani chai ikilipwa, madalali wa magari hujaa Kapkatet, na bei hupanda hata kabla hujauliza. Mimi sikumaliza shule, na hakuna kazi niliyodumu nayo, lakini hilo nalijua.

Mwaka huo mama alinipa laki nne na nusu, bonasi yake pamoja na akiba ya maziwa, nimtafutie gari aina ya Probox la kubebea mitungi ya maziwa.

"Isizidi hata shilingi," alisema. "Na bima imo humo humo."

Kwa hivyo gari lenyewe lisingepita laki nne. Nilimchukua fundi mmoja wa Roret, niliyemfahamu tangu nilipokuwa naosha magari huko, anikagulie. Njiani nilimtajia kikomo chetu cha laki nne. Yeye peke yake.

Dalali alituonyesha Probox nyeupe. Fundi akalala chini yake, akainuka akipangusa mikono. "Hii iko sawa kabisa, ndugu yangu."

"Ngapi?" nikamuuliza dalali.

"Kwako bosi, laki nne."

Laki nne kamili. Sikupenda jinsi ilivyotoka haraka. Nikamvuta fundi kando, nikamdanganya kwamba mama ameongeza elfu hamsini. Kisha nikasema naenda kununua maji.

Niliporudi, fundi alikuwa ameegemea gari, karibu mno na dalali.

"Bosi, nilisahau," dalali akaniambia. "Hizo tairi zote ni mpya. Fanya laki nne na hamsini."

Nikainama kuzitazama. "Hizi? Hizi zina upara kukushinda wewe!"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka, alikuwa anaangalia upande wa hospitali, kana kwamba ana mgonjwa huko. Nilimlipa mia tano zake nikaondoka. Hakuniuliza kwa nini.

Mama alinipokea mlangoni. Akatazama nyuma yangu, barabarani.

"Gari iko wapi?"

"Sijanunua."

Niliwahi kupotea na pesa za mbolea, miaka iliyopita, na sote wawili tulikuwa tunazikumbuka. Akachukua bahasha ya pesa mkononi mwangu, akaketi, akahesabu noti moja moja, akarudia tena.

"Mia tano haipo."

"Nilimlipa fundi aangalie gari."

"Na akaona nini?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza, lakini bahasha hakunirudishia.

"Jumamosi tutaenda tena," akasema. "Safari hii bei nitaongea mimi. Wewe utalala chini ya gari."