Foleni ya Ulimwengu

Huyu mnayemwona hapa, ndugu zangu, aliwahi kunyimwa mke kwa sababu ya nyota, na hakuna wa kumsingizia, aibu niliipika mwenyewe. Ilikuwa miaka ile ya themanini sukari ilipoadimika, mtu akiwa na kilo moja unamwamkia hata kama ni mdogo wako. Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima pale Bagara, Babati (kijana, suruali moja, maneno mengi), nami nilikuwa nimeposa kwa Mama Penina wa Nakwa. Jumapili wazee wangu waende kuchukua jibu, na mama wa watu alikuwa anahangaika kutafuta sukari ya chai yao, maana kuwapokea washenga bila chai ya sukari ni kama kuwafukuza.

Sasa Alhamisi darasa letu likachukuliwa na kikao, nikaamua (uamuzi mdogo tu, Mungu wangu!) nifundishie nje, kando ya barabara. Somo lilikuwa ulimwengu ulianzaje. Nikaweka mezani gunia la magunzi, nimelifunga vizuri, nikawaeleza wanafunzi wangu kumi na wawili kwamba hapo mwanzo kila kitu, jua, nyota, hata ng'ombe wenu, kilikuwa kimebanana pamoja kama vilivyomo humu, halafu kikaanza kutanuka. Nikawapanga mstari kuanzia mezani, kila mmoja awe kundi la nyota, warudi nyuma polepole waone jinsi makundi yanavyoachana.

Meza, mstari, gunia lililofungwa! Babati ya wakati ule ukiona hivyo huulizi, unasimama kwanza. Kugeuka, mstari umefika kona, wengine wameweka mawe na vikapu kushikilia nafasi, na mimi mjinga nikafurahi kwamba watu wamependa sayansi.

"Tanukeni!" nikapaza sauti.

Wakazidi kubanana. Nani atoe nafasi yake?

Saa nzima nikawaeleza kwamba jua ni hewa inayowaka, kwamba siku moja litaishiwa, kwamba huenda ulimwengu wote ukaja kupoa na kuwa giza, nao wakavumilia kama wanavyovumilia hotuba za wakubwa, mpaka mzee mmoja akachoka.

"Mwalimu, hotuba tumeisikia. Fungua gunia!"

Nikafungua. Walipoona magunzi, lo! Mmoja akanirushia gunzi la kichwa, na mgambo akanishika kola akiuliza sukari yenyewe nimeificha wapi. Ndipo nikamwona Mama Penina katikati ya mstari, kikapu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Nilikuwa wa tatu kule duka la ushirika," akasema. "Nikaliona gunia lako, nikasema mkwe wangu hawezi kuniangusha. Nikatoka kwenye foleni."

"Mama, rudi basi, wahi!"

"Wameshagawa. Imekwisha."

Nilitamani ardhi ipasuke. Jumapili wazee wangu walipewa maji ya kunywa na jibu kwamba binti bado mdogo (ana miaka ishirini na minne!), na mwaka uliofuata Penina akaolewa na karani wa lile duka, bwana asiyejua hata jua linazama kwa nini, ila funguo za stoo anazo yeye. Nilimpenda yule dada, sitawaficha.

Tangu hapo sijafundisha tena habari za nyota hadharani. Mtu akinijia anataka kujua dunia ilianzaje, namwuliza kwanza ameacha foleni gani, na kama ipo namfukuza arudi upesi, maana ulimwengu utamsubiri, mama mkwe hasubiri.