Marahaba Iliyonitoka Nikiwa Angani

Jamani, bado naona aibu. Nafanya kazi mapokezi kwenye gesti moja hapa Mikumi. Juzi mchana nilikuwa nimezama kwenye gemu ya simu, ya mwanaanga anayeruka sayari hadi sayari. Utamu wake ni kwamba kule ukiruka vibaya huanguki papo hapo. Unaelea, unapata nafasi ya kujirekebisha kabla hujatua.

Mtu akasimama kaunta, akakohoa. Sikuinua macho.

"Subiri kidogo," nikasema.

Akasubiri. Kisha akasema taratibu, "Shikamoo."

"Marahaba," nikaitikia, mwanaanga wangu bado anaelea.

Nilipotazama, alikuwa baba mkwe wangu, katoka Rudewa kuja kutusalimia, kofia ameishika mkononi. Simu ikaniponyoka. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Tumeshaamkiana, mama," akasema, akavaa kofia yake.