Kucha Nilisaga Mimi, Lawama Akabeba Shangazi

Msinionee huruma. Nimekosa, na nimekosa nikiwa na akili zangu timamu. Jina sitaji, maana hapa Tabora mjini ukitaja saluni tu watu wanajua ni ya nani, lakini nitakayosema ni yangu yote, simsingizii mtu. Kusingizia nimeshasingizia vya kutosha.

Nina kibanda cha kutengeneza kucha. Kazi nilijifunza kwa video za kwenye simu, basi. Sikukaa chini ya fundi hata siku moja! Nilinunua mashine ya kusagia kucha, mtumba, ikaja na vichwa viwili: kimoja laini cha msasa, kingine cha chuma chenye meno. Dada aliyeniuzia akanionya, "Hiki cha chuma ni cha kuondolea kucha za bandia. Usikiguse kwenye kucha halisi ya mtu." Nikasema sawa. Taa ya kukaushia jeli, ile ya kupaka kucha, nayo nikachukua kale kadogo, ka kuchomeka kwenye chaja ya simu. Nikajiona fundi!

Sasa nina rafiki, nitamwita Sabina. Tumekua wote kijijini Kigwa, hata komunyo ya kwanza tulipokea siku moja. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akalelewa na shangazi yake, dada wa baba, mkulima wa tumbaku. Aliyechambua tumbaku anajua: ule ulimbo wa majani unaingia mpaka kwenye kucha, vidole vinakuwa vyeusi, na sabuni haiutoi. Unangoja tu kucha ikue yenyewe.

Sabina alikuwa anaolewa na kijana wa mjini. Siku moja kabla ya harusi akaja kwangu, kaficha mikono ndani ya khanga.

"Hebu tazama, shoga. Nitavishwaje pete mbele ya wakwe na kucha kama za mchoma mkaa? Nataka jeli angavu, ile ya kuonyesha, kucha zing'ae kabisa."

Jeli ya rangi nzito ingefunika lile doa bila kugusa kitu. Nilijua! Lakini yeye alitaka ya kuonyesha, na mimi nilitaka picha za mikono ya bi harusi niweke mtandaoni. Nikasugua kwa kichwa laini, nikasugua weee, doa lipo palepale. Nikakitoa. Nikafunga kile cha chuma.

Doa liliondoka, na kucha ikaondoka nalo. Zikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu, zinaonyesha wekundu wa nyama, na pembeni ngozi imechanika. Nikapaka jeli juu yake. Ikaingia kwenye michubuko, sikuifuta. Alipotia mkono kwenye taa akaruka.

"Inachoma! Shoga, inachoma!"

Nikaushika mkono wake, nikaurudisha. "Vumilia, bi harusi. Kila mtu inamchoma hivyo."

Uongo mtupu! Haikuwahi kumchoma mtu vile.

Picha zilitoka nzuri. Ndizo zilizoniletea wateja mwaka mzima.

Jioni ile, kama ilivyo desturi ya kwao, shangazi akamkalisha Sabina mkekani ampake samli mikononi huku akimnenea mema ya ndoa. Nilikuwepo. Nilimwona alipofika kwenye vidole akasita, akavigeuzageuza, akaniangalia mimi. Kisha akaendelea kupaka, taratibu sana.

Harusi ikapita. Wiki haijaisha, Sabina huyu hapa mlangoni analia. Vidole vimevimba, usaha unachungulia chini ya jeli, kucha mbili zinacheza. "Shoga, ni nini hiki? Au ni hizi kucha?"

Hapo ndipo ningesema. Ni mimi. Maneno mawili tu! Badala yake nikamwambia, "Wateja wangu wote wazima, mbona? Kwani ile samli uliyopakwa ilikuwa na nini?"

Mungu wangu, nisamehe! Nilisema ili nijikinge tu. Nilidhani watasema samli imechacha, yaishe. Lakini Sabina alipolirudia nyumbani, mama mkwe wake akalidaka lile neno. Shangazi ana macho mekundu, maana miaka nenda rudi anashinda kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto, na moshi hauna huruma. Na huku kwetu mnajua mama mzee mwenye macho mekundu husemwa nini. Hana mume. Mtoto wake mwenyewe hakuishi. Yote yakaunganishwa. Ikawa ni mchawi, alimwonea binti wivu, akamfunga mikono asifanikiwe kwenye ndoa.

Sabina alibisha mwanzoni, nisimsemee uongo. Kisha kucha zikang'oka. Zikaota zimepinda, na vidole vikawa vinapasukapasuka mpaka leo, hawezi kufua bila glovu, akishika chumvi anatoa machozi. Hospitali walimwuliza kama amegusa kemikali yoyote. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, mimi rafiki mwema niliyemsindikiza! Nikajibu haraka, "Ni tumbaku tu, daktari." Sabina naye akaanza kuamini maneno ya mama mkwe. Kwenda Kigwa akaacha. Simu za shangazi akaacha kupokea.

Akajifungua mtoto wa kiume. Siku moja nimeenda kumwona, nimempakata mtoto, tukasikia hodi. Shangazi. Kaja na treni, kabeba kitenge kipya na kibuyu kidogo cha samli ya mtoto.

Sabina hakutoka hata chumbani. Akasema kwa sauti, "Mwambieni arudi. Mwanangu hatamshika."

Shangazi alisikia. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Akamtazama mtoto mikononi mwangu. Akaweka vitu vyake kizingitini, akaondoka pole pole, khanga kajitanda mpaka usoni. Mama mkwe aliichukua ile samli akaimwaga chooni.

Jamani! Mikono iliyomharibu Sabina ndiyo iliyompakata mwanawe, na iliyomlea ikafukuzwa mlangoni! Tangu siku ile, kila nikiwasha mashine naona lile jicho la shangazi.

Nikaenda Kigwa. Nilimkuta uani anapepeta mahindi. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, kichwa cha chuma, taa, neno la samli. Hakushtuka hata kidogo.

"Niliona siku ileile," akasema. "Kucha zimesagwa mpaka nyama. Ndiyo maana nilipaka samli nyingi, ipoze."

"Shangazi, kwa nini hukusema?"

"Bi harusi nimvuruge usiku wa kuamkia ndoa yake? Na baadaye ningesema nini? Wangesema najitetea. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikalia, nikamshika miguu. Akaitoa.

"Sitaki pole yako. Nataka kumshika mtoto."

Siku hiyohiyo nikarudi mjini, nikamwambia Sabina mbele ya mama mkwe. Nilitegemea kofi. Ningelipokea! Hakunipiga. Aliniuliza swali moja tu, "Na siku ile alipokuja, wewe ulikuwa umempakata mwanangu?"

"Ndiyo."

Akamfunga mtoto mgongoni, akavaa glovu zake, akachukua mkoba. Nikataka nimsaidie mkoba mpaka stesheni. "Usiniguse," akasema. Hajaongea na mimi tena. Rafiki niliyekuwa naye tangu tukiwa watoto, nimempoteza, na sina wa kumlaumu. Kibanda nimekifunga. Watu wananiuliza nitafungua lini, sijui niwajibu nini.

Nasikia shangazi alimpokea mtoto. Sikuwepo. Sijui kama alilia au alicheka, na sina ujasiri wa kuuliza.

Wewe dada uliyenunua mashine juzi ukaanza kazi jana, nakuomba. Kichwa cha chuma kiache kwenye bandia. Jeli ikigusa ngozi, ifute kabla ya taa. Na mteja akisema inachoma, toa mkono! Usimwambie avumilie. Ukiharibu, sema umeharibu siku hiyohiyo, wakati kidonda bado ni cha kidole tu.

Mimi nimechelewa. Sabina kasikia, mama mkwe kasikia, lakini lile neno langu lilishapanda treni zamani. Kule kijijini wapo ambao hadi leo wakimwona yule mama wanavuka njia, watoto wanaitwa ndani, na mimi siwezi kugonga kila mlango. Ndiyo sababu naandika hapa. Kama unasoma haya na unamjua mama mmoja mkulima wa tumbaku, macho mekundu kwa moshi wa bani, hakumfanyia mtu kitu. Ni mimi. Ukipita kwake, simama umpe shikamoo yake.