Mtumishi Alisema Nini

Juzi Salamabila, nikisubiri pikipiki, mwenye mgahawa aliweka mchezo wa zamani wa televisheni, ule tuliotazama kwa kaseti Kasongo nilipokuwa mtoto. Nilishtuka hata chai ikanimwagikia.

Alasiri moja ya utoto ule jenereta ilinguruma uani, na harufu ya petroli ikachanganyika na ya sombe, majani ya muhogo yaliyochemka jikoni. Nyumbani aliyejua Kifaransa alikuwa mama mdogo Faida peke yake. Alitoka Wamaza aje kusoma, akaishia jikoni kwetu. Yeye ndiye aliyetutafsiria. Siku hiyo kipindi kizima kilimhusu mtumishi, yule ambaye siku zote alileta sahani tu na kutoka.

"Anasema nini?" baba aliuliza.

"Anasema, muliniita nisome, sasa nafua nguo zenu tu. Kesho narudia kwetu."

Baba akacheka. "Shemeji, huyu mutumishi iko na kinywa!"

Sote tukacheka. Kesho yake Faida hakuwepo. Nilidhani mtumishi yule ndiye aliyemfundisha kutoroka.

Sasa Kifaransa nakijua. Pale mgahawani, katika kipindi kilekile, mtumishi alimbembeleza mtoto alale, akawasifu mabwana zake. Habari ya kusoma hakuitaja, wala ya kuondoka.

Nasi tulicheka.